Jero ya Haraka

Mtumba, Dodoma, saa moja na dakika ishirini na mbili asubuhi. Pikipiki inakata kona na kusimama mbele ya geti la mojawapo ya majengo ya wizara. Abiria, mtu wa makamo aliyevaa suti ya kaunda, anashuka, anajipangusa mapaja, anahesabu nauli waliyopatana. Kisha anarudisha mkono mfukoni na kutoa sarafu nyingine.

"Shika na hii jero, dogo. Wewe ndiyo dereva bwana! Jamatini mpaka hapa dakika kumi na nne!"

Dogo anacheka kwa aibu kidogo. Ana miaka ishirini, ishirini na mmoja hivi. Helmeti imening'inia kwenye kiwiko cha mkono. Anaisukumiza ile sarafu kwenye mfuko wa kizibao chake cha njano, anageuza pikipiki, anaondoka kwa moto uleule aliokuja nao.

Abiria hakuingia getini. Alivuka upande wa pili kwa mama ntilie, akaagiza chai ya rangi na chapati mbili, akafungua simu. Alikaa pale karibu robo saa.

Ile jero imenikaa kichwani wiki ya tano sasa.

Mia tano haimtajirishi mtu. Kinachonisumbua ni kwamba tangu kijana yule alipopakia mpaka aliposhusha, hakuna mwingine aliyemwambia neno lolote kuhusu uendeshaji wake. Trafiki hakumwambia kitu, bosi wake hakuwepo, barabara ilinyamaza. Aliyezungumza ni abiria peke yake, na alizungumza kwa pesa.

## Wanajua, tena sana

Tumezoea kusema vijana wanaendesha vibaya kwa sababu hawajui. Wapelekwe darasani, waoneshwe picha za magari yaliyopondeka, wasikie takwimu. Kila mwaka kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani mahubiri ni hayohayo.

Nenda kwenye kijiwe chochote, Nkuhungu, Chang'ombe, Kisasa, uulize kuhusu ajali. Watakutajia aliyekufa, wapi, saa ngapi, alikuwa anatoka kumshusha nani. Watakuonesha kovu. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa kati ya miaka 5 na 29 duniani, na kijiwe hakihitaji kuambiwa hilo, kwa sababu daftari la rambirambi wanalo wenyewe.

Ila sikiliza wanavyosimulia.

"Yule alikuwa amelewa." "Yule mgeni wa lami, alizoea vumbi la kwao." "Yule alikuwa na usingizi, alikesha." Kila kisa kinaishia na kitu kinachomtenga marehemu na msimuliaji. Hawadanganyi. Ni namna ambayo akili ya mtu yeyote anayelazimika kurudi barabarani kesho asubuhi inavyojilinda, maana ukikubali kwamba yule alikuwa dereva kama wewe, kick ya kwanza ya asubuhi inakuwa nzito.

Na hili si la vijana peke yao, wala si la Dodoma. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson aliwauliza madereva wa Marekani na Uswidi wajilinganishe na wenzao kwa ustadi. Kati ya Wamarekani aliowauliza, asilimia 93 walijiweka kwenye nusu ya walio bora. Wale wa Uswidi walikuwa asilimia 69. Hesabu hiyo haiwezekani: nusu ni nusu. Kijana anachoongeza juu yake ni kwamba hajapata muda wa kukanushwa.

Kwa hiyo picha ya gari lililopondeka anaiangalia kwa huruma ya kweli, halafu anatafuta ndani yake kosa ambalo yeye halifanyi. Akilipata, anatulia. Akitulia, picha imemaliza kazi yake, na kazi yenyewe imekwenda kinyume.

## Barabara ni mwalimu mbaya

Hapa ndipo napaona kiini cha tabia yote, na ni jambo ambalo haliongelewi vya kutosha.

Chukua dereva wa boda mwenye tripu ishirini kwa siku. Tuseme kila tripu ana ovateki tano za kubahatisha: anachomekea kati ya daladala na bajaji, anatanua pembeni, anavuka taa iliyoanza kuwa nyekundu. Hizo ni mara mia moja kwa siku, mara mia sita kwa wiki ya siku sita. Na wiki nyingi hakitokei chochote. Wala mkwaruzo.

Mtoto akigusa jiko la moto, jiko linamjibu palepale. Barabara haijibu. Inakuacha ukosee mara elfu tatu, na kila mara inakulipa sekunde chache. Pengo kati ya lori na basi lililomtoa jasho mwezi wa kwanza, mwezi wa sita analiona uwanja wa mpira. Pengo ni lilelile. Kilichobadilika ni kengele ya ndani, imechoka kulia bure.

Tulipime pengo hilo. Lori lenye urefu wa mita 18 linakwenda kilomita 60 kwa saa kuelekea Kibaigwa. Wewe uko kwenye 80. Tofauti yenu ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu hivi kwa sekunde. Ukianza mita kumi nyuma yake na kurudi upande wako mita kumi mbele yake, una mita karibu 40 za kulipita, na hiyo ni sekunde saba na kidogo. Ndani ya sekunde hizo utakuwa umesafiri mita 160. Gari linalokuja mbele, nalo likiwa 80, litakuwa limesafiri mita 160 kukufuata. Unahitaji mita 320 za barabara tupu, na hapo hamjaachiana hata hatua moja. Viwanja vitatu vya mpira vilivyounganishwa.

Vijana wengi wanaanza kupita wakiwa na nusu ya hizo, na wanapona, kwa sababu dereva wa mbele anatoka pembeni na kuwapisha. Kijana anahesabu kwamba amekadiria vizuri. Aliyekadiria ni yule aliyekanyaga breki.

Halafu kuna ule muda unaookolewa. Kutoka katikati ya jiji hadi Mtumba ni kilomita 17 hivi. Ukienda kwa 80 njia nzima bila kusimama, unatumia dakika 12 na sekunde 45. Kwa 100, dakika 10 na sekunde 12. Umepata dakika mbili na nusu. Chapati mbili haziliki kwa dakika mbili na nusu.

Na sasa tuseme ndama anaingia barabarani. Breki zako ni nzima, lami ni kavu, na unatumia sekunde moja kushtuka kabla ya kushika breki. Kwenye 80 unasimama baada ya mita 63 hivi. Mwenzako wa 100, palepale uliposimama wewe, bado anakwenda karibu kilomita 67 kwa saa. Hajafikia kusimama, amefikia ndama. Ndani ya mji ni vilevile: anayekwenda 50, ambayo ndiyo spidi ya maeneo ya makazi, anasimama kwenye mita 30, na wa 60 akipita mstari huohuo bado ana 39. Mtu aliyepo kwenye kivuko cha waenda kwa miguu anagongwa na hiyo 39 yote.

Hesabu hii haisikiki mwilini. Ukiwa juu ya pikipiki, 80 na 100 zinatofautiana kwa sauti ya upepo tu.

Tochi ya trafiki, ile ya kupima spidi, nayo inafundisha, lakini somo lake ni la mahali. Kila dereva wa barabara ya Morogoro anajua trafiki anapenda kusimama wapi, na wasiojua wanapigiwa taa na wanaotoka mbele. Wanapunguza kabla ya kona, wanapita kwa heshima, wanakanyaga mafuta baada ya kona. Mwaka 2021 serikali ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na watu wakabishana sana kama hilo litaongeza ajali. Nadhani tulibishania kitu kidogo. Faini ya elfu kumi ambayo una hakika ya kuipata ingebadilisha mwendo kuliko ya elfu thelathini inayokupata mara moja kwa mwezi.

## Breki ya mbele

Jambo moja la mkono na mguu, kwa sababu linaonesha jinsi mazoea yanavyojificha.

Kijana aliyejifunzia pikipiki kwenye mchanga wa Bahi au Chamwino alifundishwa na aliyemtangulia: usiguse breki ya mbele, itakubwaga. Kwenye mchanga ni ushauri wa kweli. Tairi la mbele likijifunga juu ya mchanga, linateleza na unalala chini. Basi anazoea mguu wa kulia, breki ya nyuma peke yake.

Anakuja mjini, kwenye lami. Hapa ukishika breki uzito wote unahamia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi, na breki ya nyuma peke yake inakupa sehemu ndogo tu ya nguvu ya kusimama. Inakokota tairi, inachora mstari mweusi, inafuka moshi, na pikipiki inaendelea kwenda. Anayetaka kusimama anahitaji zote mbili: ya nyuma inatangulia kidogo, ya mbele inakamatwa taratibu kisha inakazwa zaidi uzito ukishakaa mbele, pikipiki ikiwa imenyooka, siyo kwenye kona. Mara kumi kila asubuhi kwa wiki mbili, kwenye barabara tupu, kuanzia spidi 30, na mkono unazoea.

Ukimuuliza kijana huyo kama anajua kusimama, atasema ndiyo, na hana sababu ya kusema vingine. Hajawahi kuhitaji kusimama kweli.

## Macho ya wenzake

Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg, watafiti wa Marekani, waliwachezesha watu 306 mchezo wa gari kwenye kompyuta. Unaendesha, taa ya njano inawaka, unaamua kusimama au kuendelea; ukiendelea unapata zaidi, ila ukuta unaweza kutokea. Wengine walicheza peke yao, wengine wakiwa na wenzao wawili. Wakiwa peke yao, vijana hawakuwa tofauti sana na watu wazima. Wenzao walipoingia chumbani, wa miaka 13 hadi 16 walihatarisha zaidi mno, wa miaka 18 hadi 22 nao wakapanda, na wale wa kuanzia 24 hawakubadilika.

Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, inaendelea kukomaa mpaka katikati ya miaka ya ishirini. Ile inayofurahia sifa inawahi kuamka. Kwa hiyo ukimweka kijana na wenzake, umewasha moto kwenye nyumba ambayo bomba lake la maji bado linajengwa.

Ndiyo maana naogopa zaidi IST ya mzazi yenye vijana watano Ijumaa usiku kuliko boda moja iliyobeba mtu mmoja. Angalia dereva wa gari hilo. Kioo cha ndani kinatakiwa kimwoneshe barabara ya nyuma, yeye anatazamia sura za wenzake. Mmoja anasema, "Mwanangu, hii gari haivuti?" Sentensi hiyo imetosha.

New Zealand ililiona hili mapema. Kuanzia mwaka 1987 walitoa leseni kwa hatua: dereva mpya haruhusiwi kuendesha usiku wala kubeba abiria bila msimamizi mzoefu, mpaka amalize kipindi chake. Kwetu kijana aliyepata leseni jana anaweza kupakia Noah nzima ya rafiki zake na kwenda Singida usiku huohuo.

Mzazi hahitaji kungoja sheria. Kwa miezi sita ya kwanza: rafiki mmoja tu ndani ya gari, funguo nyumbani saa tatu usiku, simu kwenye droo ya gari. Ukimpa kijana sharti hilo, unampa pia kisingizio mbele ya wenzake, na kisingizio anakihitaji kuliko nasaha. "Mzee atanichinja" ni sentensi inayookoa uso wake. "Naogopa" haiokoi.

Kwenye boda, macho hayo yapo kijiweni. Kuna majina ya sifa na majina ya kejeli. Anayefika kwanza anasifiwa, anayevaa helmeti na kufunga mkanda wake chini ya kidevu anaulizwa kama anaenda vitani. Na helmeti nzima, iliyofungwa, inapunguza vifo kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Kwenye kiwiko inalinda kiwiko.

Na ipo picha ambayo kila mkazi wa mjini ameiona. Mwenzao amekufa kwa ajali. Msafara wa kumsindikiza unatoka hospitali, pikipiki arobaini, hamsini. Honi, vichwa wazi, wengine wamesimama juu ya siti, wengine wananyanyua tairi la mbele, njia nzima wameifunga. Wanalia kweli. Machozi yanaonekana. Wanamlilia kwa tendo lilelile lililomuua.

Nilipata taabu sana na picha hiyo. Nilitaka kuiita ujinga, na haikai. Kijana wa miaka ishirini, asiye na cheo wala kiwanja, mwenye kitu kimoja tu anachokiweza kuliko mtu wa suti, ataoneshaje kwamba mwenzake alikuwa mtu? Anaonesha kwa kile anachokiweza.

## Saa kumi na moja jioni

Kuna hesabu. Anayeendesha pikipiki ya mtu anapeleka kila siku kiasi walichokubaliana, mara nyingi elfu saba mpaka elfu kumi, awe amepata au hajapata. Mwenye mkataba ana afadhali kidogo, maana siku zikitimia chombo kinakuwa chake, ila naye akikosa siku mbili anaanza kutafutwa. Na chini kabisa yupo deiwaka, anayeazimwa chombo kwa saa chache dereva mwenyewe akipumzika. Deiwaka hana jina kwenye karatasi yoyote. Ana saa tatu za kutafuta chake.

Mtazame dereva huyo saa nne asubuhi, kisha saa kumi na moja jioni akiwa amepungukiwa elfu nne. Si mtu yuleyule. Asubuhi anakataa mishikaki. Jioni anapakia watatu. Asubuhi anasubiri taa.

Hesabu ya siku inamfanya kila jioni awe na deni jipya la kufukuza, na anapochoka ndipo anapokimbia. Mmiliki anayetaka chombo chake kidumu, na kijana wake pia, anaweza kupiga hesabu kwa wiki. Elfu nane mara sita ni elfu arobaini na nane, ilipwe Jumamosi. Jumanne ikiwa mbovu, Alhamisi itaifidia bila mtu kukimbia gizani. Siku ya saba haina hesabu: asubuhi fundi, mchana usingizi.

Na iandikwe nani analipa nini. Breki shu, tairi, cheni, balbu ya taa ya mbele. Mahali ambapo haijaandikwa, kila mmoja anamngoja mwenzake, na kinachongoja pamoja nao ni breki. Cheni iliyolegea zaidi ya sentimita tatu ukiisukuma kwa kidole ina siku yake ya kuruka. Taa ya mbele isiyowaka, barabara ya Iringa usiku, mifugo ikirudi zizini, haihitaji maelezo.

## Nilivyoshikilia mafunzo

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa mafunzo. Wafundishwe zaidi, wafundishwe ufundi wa hali ya juu, watajiokoa.

Halafu kuna habari ya Norwe. Mwaka 1979 nchi hiyo iliwalazimisha madereva wapya wajifunze kuendesha kwenye barabara inayoteleza, kwenye uwanja maalumu. Wazo zuri kabisa, nchi yao ina barafu. Tathmini ilipofanyika, ajali za utelezi kwa vijana wa kiume zilikuwa zimeongezeka.

Walitoka pale wakijua kidogo zaidi na kujiamini zaidi mno. Mtu anayeogopa utelezi anapunguza mwendo. Mtu aliyefundishwa kuudhibiti kwa nusu siku anauendea.

Hii ilinivunja moyo kwa siku kadhaa. Ina maana ufundi unaweza kuwa jero nyingine.

Sijaacha kuamini mafunzo, ila sasa nayataka ya aina nyingine: yanayomfundisha kijana kuona, kabla ya kumfundisha kuweza. Simamisha vijana watano kwenye njia panda yenye shughuli, karibu na soko la Majengo kwa mfano, dakika ishirini. Kila mmoja aseme kwa sauti kitakachotokea sekunde tatu zijazo. "Daladala imesimama. Chini ya bodi naona miguu ya mtu, atatokea mbele yake." "Bajaji ile, tairi la mbele limeanza kugeuka, hajawasha indiketa." "Mama yule amemshika mtoto mkono wa upande wa barabara." Baada ya hapo wapande, waendeshe taratibu na kuendelea kusema hivyohivyo kwa sauti. Mara ya kwanza watajikuta wanasema kitu kikishapita. Kuchelewa huko ndiko wanakotakiwa kukusikia kwa masikio yao. Breki ya mbele ifuate baadaye.

## Trei tano

Nilichokiona baada ya hapo ni cha kawaida mno, kila mtu Dodoma amekiona.

Boda imebeba mayai. Trei tano zimepangwa juu ya siti, zimefungwa mpira wa tyubu mara mbili, na kipande cha boksi juu. Mayai 150. Dereva ni kijana wa umri uleule, pikipiki ya aina ileile. Anakwenda kwa 30. Anaanza kupunguza mita hamsini kabla ya tuta. Shimo analizunguka huku akitazama kioo cha pembeni kwanza, maana anajua kwamba akiyumba ghafla trei ya juu itahama. Anaacha nafasi kati yake na gari la mbele inayotosha daladala kuingia, na daladala ikiingia anaacha nyingine. Wenzake kijiweni hawamcheki. Hakuna anayemwambia haivuti.

Yai likivunjika analipa yeye.

Ubongo ni uleule, ambao bado haujakomaa. Barabara ni ileile, na semina hakwenda. Yote tunayosema hawezi, anayaweza, kuanzia Veyula mpaka sokoni, bila kukosea. Kilichobadilika ni kinachohesabiwa mwisho wa safari. Mwenye mayai hamuulizi ametumia dakika ngapi. Anafungua boksi na kuhesabu.

Sitaki kulifanya jambo liwe jepesi. Abiria hapasuki kwenye kila shimo, na ndiyo maana kumharakisha kunaonekana hakuna gharama. Tena hesabu ya bosi inabaki palepale. Lakini nikiyaangalia mayai yale siwezi tena kusema tatizo limo ndani ya vichwa vya vijana na kuishia hapo. Sehemu kubwa imo mdomoni na mfukoni mwa anayekaa nyuma yao.

## Kabla hajatia gia

Abiria wengi wanaogopa na wananyamaza. Wanashika chuma cha nyuma, wanafumba macho, wanasoma dua. Wakishuka wanasema "asante". Ukiuliza kwa nini hawakusema, wanajibu walihofia kuonekana washamba, au kwamba dereva angekasirika na kuongeza. Hofu hiyo ya pili ina ukweli: ukimfokea kijana akiwa kwenye 80, umemwambia mbele za watu kwamba hajui kazi, na atakujibu kwa mkono wa kulia.

Kwa hiyo sema kabla. Pikipiki ikiwa imesimama, mnapopatana bei, katika sentensi hiyohiyo: "Nanenane elfu mbili, sina haraka." Vaa helmeti yako huku ukisubiri avae yake, bila kumhubiria. Ukiona amezidisha, mguse bega taratibu useme, "Kaka, nasikia kizunguzungu." Kizunguzungu ni chako, hakimvunjii heshima. Akiendelea, "nishushe hapa kwenye duka," lipa nauli yote, shuka. Ndani ya basi ni mmoja tu anayehitajika kuanza, na aanze kwa kondakta, maana kondakta anaweza kumwendea dereva bila abiria arobaini kusikia.

Na kama una jero ya ziada, itoe siku aliyokufikisha kwa amani, umwambie ni ya nini.

Jumatatu iliyopita, Chang'ombe, mama mmoja alikuwa anampandisha binti yake wa sekondari kwenye boda ya kijana ambaye ni wazi si mara ya kwanza kumtuma. Alimfunga binti mkanda wa helmeti mwenyewe, akavuta kuhakikisha umekaza, akamlipa kijana nauli mkononi.

"Mwanangu," alimwambia, "leo mbebe kama yale mayai yangu."

Kijana alicheka. Akaitoa helmeti kwenye kiwiko, akaivaa, akatia gia namba moja.